Sifa za Barua ya Kupunguzwa

Barua ya posa ina watu wake: hupelekwa na wazee waliojifunga misuli mipya, na hujibiwa kwa vigelegele. Barua ya ajira, mama huitembeza kwa majirani. Lakini barua ya kupunguzwa kazini, hasa ile inayomkuta mtu yuko likizo ndefu akizunguka dunia, haina mshenga wala mtetezi. Leo nasimama mimi niisemee, maana niko kwenye orodha ya waliotembelewa nayo, na mgeni hata akija na msiba hukaribishwa.

Sifa yake kuu ni ustadi wa kusafiri. Mimi niliyedhamiria kufika Cape Town nilianza safari kwa TAZARA, Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kilomita 1,860, na mgongo wangu ulizihesabu zote. Barua haikutoka jasho. Haikukata tiketi, haikugombea kitanda cha chini, haikununua ndizi dirishani Makambako. Maofisa wa uhamiaji walipopanda mabehewani mpakani Tunduma, sisi wenye miili tulitoa pasipoti na kadi za homa ya manjano. Yenyewe haikuulizwa hata jina. Treni ile ikichelewa hakuna anayeshangaa, ila barua ilitumwa kwa wakati wake barabara: Ijumaa jioni, saa ambayo Rasilimali Watu wote wameshazima simu. Porini mtandao ulipokatika, mama alipiga akachoka, salamu za rafiki zikapotea njiani. Barua haikukata tamaa. Ilikaa macho usiku kucha, na tulipokaribia Mpika simu yangu ikanasa mnara mmoja, nayo ikaingia yote, na kiambatisho chake. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331 kwa kutegemea jahazi na pepo za msimu, angeiomba imchukue awe mwanafunzi wake.

Sifa nyingine nazitaja nikipita. Ni fupi. Ni ya uchumi: imewaokoa wenzangu mchango wa keki ya kuniaga. Ina utu: inanipa pole kwa kifo cha nafasi yangu, na kwa heshima ya marehemu haimtaji muuaji. Haina makuu: imenipa mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka niliotumikia, kiwango kilekile cha chini kilichowekwa na sheria, bila kukichafua kwa nyongeza.

Na uchamungu wake mbele ya sheria! Hapa kalamu inaanza kutetemeka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri atoe taarifa ya nia ya kupunguza watu mara tu anapolifikiria jambo hilo, aweke habari zote mezani, kisha washauriane kabla: sababu ni nini, litaepukwaje, nani achaguliwe na kwa kigezo gani. Mara tu anapolifikiria. Sasa waheshimiwa, mlilifikiria lini? Ule muundo mpya wa ofisi, wenye visanduku vya rangi na mishale, haukuchorwa usiku mmoja. Mlikuwa nao siku mnanisainia likizo, mkanipigia makofi kikaoni, bosi akisema nenda kapumzike, kiti chako kinakungoja. Mwaliko wa kikao cha mashauriano mkautuma kwenye anwani yangu ya barua pepe ya ofisini, ileile mliyoifunga nilipoanza likizo. Muhtasari ukaandikwa kwamba sikutoa pingamizi.

Sheria hiyohiyo inakataza kumpa mtu notisi akiwa kwenye likizo iliyotajwa na sheria. Hilo mlilikumbuka vizuri sana: yangu ilikuwa bila malipo, ya kupatana tu, mkaona mwavuli huo haunifuniki. Nazo siku 30 za kupeleka malalamiko ya kuachishwa isivyo halali kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi zinatembea, mtu uko nchi ya watu unatafuta mahali pa kuchapisha karatasi.

Msiniambie habari za ufanisi. Orodha kama hizi huandikwa na watu wanaoogopa macho. Jina rahisi kuliko yote ni la yule ambaye kesho hamtakutana naye kwenye lifti: aliyeko masomoni, aliyelazwa, aliyeenda kuuguza mzazi, au mjinga fulani aliyeamini makofi.

Samahani, nilikuwa nasifu. Nimalizie kwa pendekezo: bodi ya kampuni ile iipandishe barua cheo, iwe Mkurugenzi wa Rasilimali Watu. Haiombi posho ya safari, haiendi likizo, na katika ofisi nzima ndiyo pekee iliyothubutu kunitafuta.