Sifa za Diski Isiyotaka Kuonekana

Walimwengu hupenda utii, wakamtukuza mtumishi aitikiaye kabla hajaitwa. Na kwa dhuluma hiyo, diski ya nje ambayo kompyuta haitaki kuiona imeachwa bila msifu, ijapokuwa fadhila zake ni nyingi, nasi wa Masuguru, ambao fadhila hizo hutumiminikia bila kuziomba, si insafu tukinyamaza.

Yupo hapa kijana mwenye steshenari, mpiga picha za harusi na mrekodi wa ngoma, aliyejiwekea kanuni ya busara: diski mbili za akiba, moja ikae dukani, ya pili ilale kwa shangazi yake Korogwe, na kila Ijumaa zipishane kwa basi, ili moto au mwizi akizuru duka asiangamize harusi za watu wote kwa mkupuo mmoja. Diski ya Korogwe hufika imeviringishwa kipande cha kanga, ikachomekwa, taa yake ya buluu ikawaka, na kompyuta isiseme neno.

Fadhila yake ya kwanza ni kutoificha njaa yake. Tundu la USB 2.0 limeahidi miliampea 500, na la USB 3.0 miliampea 900. Diski ndogo inapoanza kuzungusha sahani zake aghalabu hutaka zaidi ya hizo 500, na ikinyimwa hupiga vidoko, tik, tik, ikagoma mpaka ihamishiwe tundu jingine au ipewe waya wa vichwa viwili. Fauka ya hayo, huufedhehesha ule waya uliotengenezwa kwa kuchajia simu tu, upitishao umeme minghairi ya habari, ambao hadi siku hiyo ulikuwa ukiheshimiwa mezani kama nyaya nyingine.

Ama katika suala la herufi, utukufu wake hauna kifani. Windows humpa kila mgeni herufi: A na B zilitengewa diski laini za zamani, C ni ya mwenye nyumba, na wengine hupangwa baada yake. Programu ya akiba imeagizwa kupeleka mizigo E. Ijumaa hiyo mteja ameacha flashi yake imekalia E. Diski ya Korogwe, badala ya kugombea cheo, huridhika na F, na programu, ikifika E na kukuta singeli, hushitaki kwamba diski ya akiba haipo.

Zaidi ya hilo ni jambo la pacha. Kijana alitaka kuokoa muda, akainakili diski moja juu ya nyingine yote kwa yote, hata alama ya utambulisho ikahamia. Basi zikichomekwa pamoja, Windows huikubali iliyotangulia, na ya pili huiweka kando, isionekane ila na mwenye kuifungua ile programu ya kusimamia diski. Laiti kesi zetu za viwanja zingeamuliwa kwa ukali huo!

Wapo wanaodai kuwa zamani kulikuwa bora. Ni kweli kwamba diski ya kwanza, IBM 350 ya mwaka 1956, yenye sahani 50, uzito wa karibu tani moja na nafasi ya herufi milioni 5, haikupata kulaumiwa kwa kutoonekana. Lakini ningependa kumwona huyo msifu wa zamani akiipandisha basi la Korogwe.

Tena diski yetu hugoma kwa wakati wake. Siku inapokataa, picha bado zimo ndani ya kompyuta, salama, na mama wa bibi harusi hana habari ya lolote. Kompyuta ikiuliza kwa upole kama iifomati, kijana, ambaye karaha za Ijumaa zilizopita zimemzoeza subira, hujibu hapana, akatafuta waya mwingine.

Na wamchukiao mtukutu huyu wamwangalie ndugu yake mtiifu: huonekana mara tu akichomekwa, huchukua E yake bila ubishi, huonyesha mafolda yote kwa majina na tarehe, na ndani ya mafolda hamna kitu, naye kila Ijumaa hupokewa kwa bashasha, akafutwa vumbi, akarudishwa kwa shangazi kwa heshima zote.