Altezza Maana Yake Kimo

Nililipa hela zote Jumamosi asubuhi, tukaandikiana mbele ya mjumbe, mjumbe akapata ya soda, nikakabidhiwa funguo na kadi ya gari. Nilipoanza kulizunguka gari langu nikitafuta pa kufunga kamba ya kulivutia, mzee aliyeniuzia akaniwekea mkono begani.

"Mwanangu, gari ni lako, sina neno. Ila vuta subira kidogo. Kuku wangu bado hajatotoa."

Kuku mwenyewe alikuwa siti ya nyuma. Kioo cha mlango mmoja kilikwama chini miaka mingi iliyopita, naye akapaona: pana kivuli, pana sponji, kicheche hafiki. Alikuwa amelalia mayai tisa, na alinitazama kwa jicho la mpangaji aliyelipa kodi ya mwaka mzima. Mzee alikuwa na hesabu zake sawasawa. Yai la kuku ni siku 21, zimepita 12. Nikarudi Sinza kwa daladala, nimesimama, mmiliki wa gari la spoti.

Gari lenyewe ni Toyota Altezza, namba B, lililokaa miaka minne chini ya mwembe huko Tabata. Toyota walilitoa Japani mwaka 1998 na msimu huohuo likachukua tuzo ya Gari la Mwaka nchini kwao. Ulaya waliliita Lexus IS200 wakalipandisha bei. Dira yake imepangwa kama saa ya mkononi ya wanamichezo, vidude vidogo ndani ya duara kubwa, na taa zake za nyuma, yale maduara ndani ya kioo cheupe, ziliigwa mpaka Marekani wakawa wanaita "taa za Altezza" hata zikifungwa kwenye gari la mtu mwingine. Lakini hayo niliyasoma baadaye. Nilichokijua mimi ni kwamba enzi zetu za chuo, aliyeshuka kwenye Altezza hakuhitaji kusalimia mtu. Nikaapa kwamba nikipata hela nitashuka kwenye Altezza. Hela zimekuja nina miaka arobaini na mbili, kitambi, na watoto watatu.

Mke wangu, Mama Zuhura, alipoonyeshwa picha aliuliza swali moja tu. "Na huyo kuku yumo kwenye bei?"

Siku ya tisa mzee akanipigia simu: vifaranga saba, hongera sana. Nikaenda na rafiki mwenye pikapu. Mzee akanipa kifaranga kimoja, fidia ya kusubiri, nikakiweka kwenye boksi la viatu. Katika vyote nilivyoondoka navyo pale, ni hicho tu kilichoweza kutembea chenyewe.

Gereji yangu haina bango. Ni mkungu mmoja mkubwa, mabati mawili, na magari kumi na moja ambayo wenyewe wameacha kupiga simu. Fundi wa Dar akifungua boneti haitazami injini kwanza. Anakutazama wewe, kwa huzuni ya mtu aliyeletwa msibani, anauliza: "Nani alikufungia hii?" Huyu wangu aliuliza hivyo kuhusu betri, kuhusu rejeta, kuhusu mkanda wa taiming, na kuhusu kiota cha panya kilichokuwa juu ya injini, ambacho kwa kweli kilikuwa ndicho kitu pekee kilichofungwa vizuri.

Halafu akaanza kuhesabu plagi. Nyuma ya gari kuna nembo ya RS200, na mimi niliilipia nembo hiyo. RS200 ndiyo Altezza ya wanaume, silinda nne, injini ya 3S-GE ambayo Yamaha walitia mkono kichwani mwake, nguvu za farasi 210 kwa ile ya gia za mkono. Fundi akahesabu mpaka nne, hakusimama. Tano. Sita. Sita ni AS200, injini ya 1G-FE, farasi 160, gari la mtu mzima anayekwenda kazini. Nembo ilibandikwa na kijana fulani hapo kati, kwa gundi, na ilikaa imara kuliko milango. Nikarudi nyumbani nimenywea. Mama Zuhura akasikiliza mpaka mwisho. "Sita si nyingi kuliko nne? Sasa unalilia nini?"

Betri mpya ilipofungwa na ufunguo ukazungushwa, sauti ya mwanamke ikazungumza kutoka ndani ya dashibodi. Kijapani. Sentensi moja, kwa upole wa nesi anayekuambia daktari anakuja sasa hivi. Tukazima. Tukawasha. Akarudia neno kwa neno.

"Anasema nini?" nikauliza.

Fundi umeme, kijana ambaye hajawahi kuvuka Chalinze, akainamisha sikio. "Anasema oili."

Tukaongeza lita. Tukawasha. Mama yule akasema tena yaleyale, na safari hii mimi mwenyewe nilisikia kama amekazia. "Bado," akasema fundi umeme, "anadai nyingine." Tukaongeza. Sasa injini ikijazwa oili kupita kiasi, shafti inaifikia na kuipiga kama mtu anavyopiga mayai ya chapati. Inafanya povu, inasukumwa kwenye njia ya hewa, inaungua. Moshi uliotoka pale ulikuwa wa bluu na ulikwenda mpaka kwa muuza chipsi, ambaye alikuja na sahani mkononi kuangalia nani kamharibia biashara. Oili tuliimwaga. Mama hakunyamaza. Ilichukua wiki tatu, mpaka binti wa jirani yetu, aliyesoma Japani miaka miwili, alipopanda mbele akacheka hadi akashika dashibodi.

"Baba Zuhura, anasema kadi ya ETC haijaingizwa."

ETC ni mashine ya kulipia ushuru wa barabara kuu za Japani. Unachomeka kadi, unapita bila kusimama. Kwa hiyo kila asubuhi, huku Sinza, kabla sijatoka getini nikakutane na shimo la kwanza, kuna mwanamke ananikumbusha kwa adabu nijiandae kulipia barabara nzuri. Redio nayo ilibaki na uraia wake: masafa ya kwao enzi hizo yaliishia 90, kwa hiyo stesheni iliyo juu ya hapo, kwenye gari langu, haipo duniani.

Nisiwachoshe na rangi, puti na msasa. Taa moja ya nyuma ilikuwa imevunjika, nikaitafuta siku nzima Gerezani, kwa muuzaji mmoja nikaambiwa subiri, akatoweka dakika ishirini, akarudi nayo ikiwa bado ina joto la jua. Sikuuliza. Jioni hiyohiyo nilifanya kama kila mwenye gari Dar: nikaita kijana wa kuchonga namba. Alichonga namba ya gari kwenye taa, vioo vya pembeni, vioo vya milango, na nisingemzuia angechonga na miwani yangu.

Baada ya miezi miwili injini ikarudi na mlio uleule wa mwanzo. Fundi yuleyule akafungua, akatikisa kichwa.

"Nani alikufungia hii?"

"Wewe."

Akafikiri. "Hapana. Mimi siku ile nilikuwa na haraka."

Ningeishia hapo ningekuwa na gari zuri na akiba kidogo. Lakini gari la spoti lililosimama wima kama la padri halikai rohoni. Lazima lishushwe. Kiwanda kiliacha nafasi ya sentimita 14 hivi kati ya tumbo la gari na ardhi. Vijana wanaojua mambo wanataka isiingie hata ndala. Kuna springi maalumu za kushushia, zinaagizwa, zina bei ya kiwanja. Na kuna grenda. Fundi akachukua grenda. Kila springi ikakatwa duara moja na nusu, cheche zikaruka, gari likakaa chini kama mbwa aliyekaripiwa. Nililizunguka mara tatu. Nililipiga picha. Ekzosi nayo tukaifungua koo siku hiyohiyo, na nilipoingia mtaani kwetu watoto wote walikimbia getini, wangu wakiwa wa mwisho, wakificha nyuso.

Kitu ambacho fundi hakunieleza, na mimi sikuuliza kwa sababu nilikuwa napiga picha, ni kwamba springi iliyokatwa haiwi fupi tu, inakuwa ngumu pia, na shokapu zinabaki zile za urefu wa zamani, zinagonga mwisho kabla hazijafanya kazi. Nilikuwa naendesha meza. Nikipita juu ya kizibo cha soda, nilijua ni cha soda gani.

Dar ina matuta ya aina tatu. Kuna rasta, zile ndogondogo zinazotetemesha meno. Kuna tuta la mkandarasi, lenye rangi na kibao. Na kuna tuta la wananchi, ambalo halina vipimo: mtoto kakoswakoswa na bodaboda, jioni wazazi wamekusanyika na sururu na mfuko wa saruji, na wamejenga kwa hasira. Urefu wa tuta hilo ni urefu wa hasira yao.

Sasa mama mkwe wangu akatangaza ujio. Anatoka Muheza, anashuka Stendi ya Magufuli pale Mbezi, na Mama Zuhura akasema nenda kampokee, gari si unalo. Nikamkuta na kikapu, ndoo ya samli, na gunia la machungwa. Machungwa ya Muheza hayakataliwi. Gunia likaingia kwenye buti, nyuma ya gari ikashuka mpaka nikaona aibu kwa niaba yake. Mama akafunguliwa mlango, akatafuta siti kwa mguu, akashuka, akashuka, akashuka, akafika. "Mkwe wangu," akasema akiwa amekaa karibu na lami, "gari lako liko chini kama mkeka." Nikamwambia ni la spoti, mama. Akasema alhamdulillahi.

Morogoro Road tulikwenda vizuri. Kufika mbele pana foleni, nikajifanya mjanja, nikakata kushoto nipite mitaani. Tuta la kwanza la wananchi lilikuwa mita hamsini mbele. Nikalikaribia kiubavu, kama kaa. Ngrrr. Gari likapanda kwa tumbo, likakaa juu ya tuta, tairi za nyuma zikipiga porojo tu.

Ndugu msomaji, kuna maneno ambayo mkwe wa kiume hamwambii mama mkwe. Sisi watu wa pwani hata kula naye meza moja tunaona haya. Nikashuka, nikafungua mlango, nikainama.

"Mama, samahani sana. Naomba ushuke kidogo."

Akashuka. Gari likanyanyuka vidole viwili, likavuka. Akapanda. Mita mia moja mbele, tuta. "Mama, samahani." Akashuka. Tuta la tatu hakusubiri nimfungulie. La nne vijana wa bodaboda walikuwa wameacha abiria, wanatufuata, mmoja anahesabu kwa sauti. La tano mama alisema hana sababu ya kupanda kwa ajili ya hatua chache, atatembea. Akatembea mbele, khanga begani, mimi nyuma yake na gari linalonguruma kama simba mwenye kifua, na bado alikuwa ananiacha. La saba alisimamisha bajaji. Akaniagiza nimtolee gunia, "kupunguza mzigo, baba." Dereva wa bajaji akalibeba kwa mkono mmoja, akanitazama, akatazama tumbo la gari, akasema pole.

Nilipofika nyumbani wamekwisha kula. Kifaranga cha Tabata kilikuwa kimeshakuwa jogoo, na Mama Zuhura aliona hiyo ndiyo siku yake, kwa heshima ya mgeni na kwa fidia ya safari. Nilibakiziwa shingo. Mama mkwe hakusema neno juu ya gari. Alimenya chungwa, akanipa nusu, na hilo lilinikata maini kuliko angenisema.

Kesho yake nilimrudia fundi. Springi za asili alikuwa amezikata, kwa hiyo akatafuta za gari jingine, "zinaingiana," na juu yake akaweka spesa, ule mchezo wetu wa kunyanyua magari yaweze kuishi na sisi. Aliposhusha jeki, gari lilibaki juu. Tukasubiri. Halikushuka. Sasa mbele naona mapaa ya daladala, na tumbo linavuka tuta lolote la hasira yoyote. Binti wa jirani, yule wa Japani, ndiye aliyetafuta maana ya jina kwenye simu. Altezza ni Kiitaliano. Maana yake ni kimo. Ni urefu wa kwenda juu. Tena waheshimiwa wa kifalme huitwa hivyohivyo. Miezi yote ile nilikuwa namkata mtukufu miguu kwa grenda.

Jumapili iliyopita tulikwenda Kigamboni, watoto nyuma, mama mkwe mbele, amepanda mwenyewe kwa kushika mlango kama anapanda basi la Lushoto. Tukashika Daraja la Nyerere, na kwenye foleni ya kulipia, zamu yetu inafika, injini ikazima. Nyuma honi. Nikazungusha ufunguo, ikawaka, na yule mama wa kwenye dashibodi akazungumza, kioo kiko wazi, dada wa kibandani kanyoosha mkono.

"Huyo anasemaje?" akauliza.

"Anasema hajaingiziwa kadi."

Dada akainama amtafute, akaona watoto watatu na mama mmoja mwenye khanga, ananyonya chungwa.

"Mwambie alipe kama wenzake."