Jogoo wa Mwenye Nyumba

Chanzo cha yote ni jogoo. Si wangu, ni wa mama mwenye nyumba, na kwa mkataba wetu wa mdomo wapangaji haturuhusiwi kufuga, kupikia kuni wala kumlalamikia jogoo. Anaanza kuwika saa kumi alfajiri, chini ya dirisha langu hasa, kana kwamba mimi peke yangu ndiye niliyechelewesha kodi. (Huwa nimechelewesha, lakini hayo ni mambo ya mchana.)

Nikaenda Kariakoo. Machinga mmoja akaniwekea kiganjani kikasha cheupe, kidogo kama cha pete ya uchumba. "Bosi, hivi ni orijino kabisa," akaapa. "Kopi namba moja." Hapo nilipaswa kuuliza swali, sikuuliza. Nikatoa shilingi 15,000, nikachomeka masikioni vile vispika visivyo na waya, na dunia ikanyamaza. Usiku ule nililala navyo, muziki mpaka juu kabisa, maana jogoo naye alikuwa juu kabisa. Asubuhi niliamka kama mfalme.

Jambo ambalo machinga hakuniambia ni kwamba ukijaza kelele masikioni hujisikii mwenyewe. Unadhani unanong'ona, kumbe unahutubia. Nililijua hilo msibani, Jumamosi ya Simba na Yanga. Nilikaa chini ya turubai na wanaume wenzangu, kofia nimeishusha ikafunika masikio, vispika vyote viwili ndani, mtangazaji ananitiririshia mechi. Kiungo wetu mmoja alikuwa hoi tangu mapumziko na kocha anamtazama tu. Uvumilivu ukanishinda. Nikamnong'oneza mzee aliyekaa kando yangu, ambaye najua ni mwenzetu: "Huyu kaisha huyu, si wamtoe tu!"

Ndipo nikaona watu wote wamesimama. Jeneza lilikuwa mlangoni.

Pilau sikuigusa.

Wajuzi husema Bluetooth kazi yake ni kuunganisha. Hata jina lenyewe limetoka kwa mfalme wa Denmark wa karne ya 10, Harald, aliyekuwa na lakabu ya Jino la Bluu na anayesifiwa kwa kuwaweka watu wake chini ya utawala mmoja. Mimi iliniunganisha na mama mwenye nyumba. Siku ya ubarikio wa mwanawe niliwahi kuunga simu yangu kwenye subufa lake, nikapiga muziki, nikasahau. Simu haikusahau. Jioni moja nimejilaza, vispika vikaisha chaji, simu ikamtafuta rafiki yake wa zamani kupitia ukutani. Mimi nabonyeza ujumbe wa sauti wa mdogo wangu wa Morogoro, nashangaa mbona kimya. Kwangu ndiko kulikokuwa kimya. Sebuleni kwa mama ulikuwa unasikika mpaka barazani, na besi imekolea: "Kaka, yule jogoo wa mwenye nyumba uliyesema utamtilia sumu, usifanye hivyo, nyama itaharibika. Mnyonge shingo tu, nakuja na mchele wa Kilombero."

Mwezi uliofuata kodi ikapanda. Sikuuliza sababu.

Tukio la barabarani nalitaja haraka kwa sababu halichekeshi. Navuka, muziki umenijaa kichwani, bodaboda kapiga honi mara tatu kwa ushahidi wa waliokuwepo, nami sikusikia hata moja. Alinikwangua mkono na mfuko wa shati. Yule kijana alisimama, akaja, akanichomoa kispika kimoja kwa vidole vyake mwenyewe, na ndani ya sikio lililofunguka akanipa maneno ambayo umri wake haukumruhusu kuniambia. Tangu siku hiyo, kabla ya kuvuka, natoa vyote viwili.

Kisha sikio la kushoto likaanza kulia. Mluzi mwembamba, kama birika linalokaribia kuchemka jikoni kwa jirani, usiku na mchana. Marehemu bibi yangu alitufundisha kwamba sikio likilia ujue unasengenywa. Nikapiga hesabu: mama mwenye nyumba, wafiwa, yule wa bodaboda. Hesabu ikakubali, nikatulia. Lakini wiki ya tatu nikaingiwa na shaka. Hata wasengenyaji hulala.

Daktari wa masikio alikuwa binti wa umri wa mpwa wangu. Alichungulia na kitochi chake, akaguna, akatoa donge la nta ambalo sitalieleza hapa. Vile vispika nilivyolala navyo vilikuwa vinaisukuma ndani kila usiku, na kile vilichobakiza vispika nilikimalizia mwenyewe.

"Baba, masikio unasafishia nini?"

"Njiti ya kiberiti."

"Na nini kingine?"

"Ufunguo wa kabati. Lakini siku moja moja."

Akaniambia sikio hujisafisha lenyewe, nta hutoka taratibu bila kusaidiwa na kabati. Kisha akaniingiza kwenye kichumba kisichopitisha sauti na kunivisha hedifoni kubwa (nikajiuliza kama dawa ya ugonjwa ni ugonjwa wenyewe), akanipa kitufe: kila nikisikia mlio, nibonyeze. Mimi tangu shule ya msingi sijawahi kuacha swali bila jibu. Kimya kilipozidi, nikaanza kukisia.

"Baba," sauti yake ikaja masikioni, "hapo sijapiga kitu."

Majibu yalipotoka hakunisomea ile methali ya sikio la kufa, nadhani aliona ingekuwa kunitukana. Alinichorea mstari unaokwenda vizuri halafu unatumbukia. Sauti nene nazisikia. Nyembamba zimeanza kunikimbia. Nikamuuliza kuhusu mionzi, maana kijiweni tunaambiwa Bluetooth inakaanga ubongo. Akasema mawimbi yake ni dhaifu, hata yale ya simu yanayazidi. Ubongo wangu tuuache. Kilichoniumiza ni sauti.

Maelezo yake niliyaelewa pale tu nilipoyageuza kuwa pesa. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, sikio la mtu mzima lina mshahara wa wiki: saa 40 kwenye desibeli 80. Ukikaa humo, mshahara unatosha. Lakini masharti yake ni ya mkopo wa kausha damu: ukiongeza desibeli 3 tu, muda unakatwa nusu. Desibeli 90 zinakuachia saa 4 kwa wiki nzima. Desibeli 100 ni kama dakika 20. Nami kwenye daladala la Tandika, ambako injini inanguruma, redio ya dereva inapiga na konda anagonga bati, nilikuwa napandisha sauti ya vispika izishinde zote. Mshahara wa wiki niliumaliza Jumatatu asubuhi, kabla hatujafika Kariakoo, na siku sita zilizobaki naishi kwa madeni. Wanaodaiwa ni vijinywele vidogo ndani ya kokwa la sikio, kama 15,000 kila upande. Vikifa, havioti tena. "Ukimsikia konda akidai nauli, uko salama," akanipa kipimo. "Jirani wa siti akianza kuimba wimbo unaousikiliza wewe, hauko salama."

Nilirudi nyumbani nikakaa kusoma habari za masikio, na ndiko nilikokutana tena na adui yangu. Watafiti wa Ubelgiji walimfungia jogoo vinasa sauti karibu na masikio, wakakuta kelele anazojipigia mwenyewe zinapita desibeli 100. Mbona hawi kiziwi? Kwa sababu akiachama kuwika, tundu la sikio lake linajiziba. Na hata vijinywele vyake vikiharibika, ndege huotesha vingine. Yaani kila alfajiri yule bwana alikuwa anapiga kelele nje huku amejiziba, nami nimejiziba huku nikijipigia kelele ndani.

Juzi binti yangu alinivuta uani. "Baba, wasikilize, wametotolewa leo." Mama mwenye nyumba kapata vifaranga kumi na moja. Niliviona vidomo vikifunguka na kufumba. Nikainama karibu zaidi. Nikasema, "Ndiyo, nawasikia." Nilikuwa nakisia.

Siku hizi nalala bila kitu, na saa kumi naamka na jogoo. Kispika cha kulia hata hivyo sina. Kiliniponyoka kwenye supu ya kongoro, mama ntilie akakiopoa na kijiko akidhani ni gegedu, nikakifuta, nikakitia mfuko wa shati, nao ulikuwa umechanika tangu siku ya bodaboda. Kimebaki kwenye daladala la Tandika. Wewe uliyekiokota, ni cheupe, kinanukia ndimu na pilipili. Baki nacho. Kifute vizuri kabla hujakitia sikioni, na sauti ikifika nusu, hapo hapo iache.