Mkono Uliokataa Bega

Kasha la Dreadnought lina mabega mawili na mikono kibao. Kwa wasioijua Warhammer 40,000, Dreadnought ni mtambo mnene wa kutembea, na ndani yake amefungiwa askari majeruhi asiyeruhusiwa kufa wala kustaafu. Mchezo huu wa mezani ulitoka mwaka 1987, na makao ya watengenezaji wake yako hapa Nottingham ninapoishi. Kukaa hapa usiucheze ni kama kukaa Tanga usijue baiskeli.

Tatizo ni mikono. Ukigundisha bunduki, mechi ijayo utatamani ngumi. Ukigundisha ngumi, utapangiwa adui anayependa kukaa mbali. Supaglu haina rufaa. Ndiyo maana watu wasiojua wanachotaka, nami ni mwenyekiti wao, hutumia sumaku: moja begani, moja mkononi, na silaha inabadilishwa kadiri moyo unavyoyumba.

Sumaku zenyewe ni za neodimiamu, chuma na boroni, mchanganyiko uliopatikana mwanzoni mwa miaka ya 1980 Japani na Marekani, kila upande kivyake. Wataalamu wale walikuwa wakiwaza mota. Sidhani kama yupo aliyewaza bega la plastiki. Zangu zina kipenyo cha milimita 3 na unene wa milimita 1. Ukipiga chafya, umeanza msako.

Kwenye maelezo kazi ni nyepesi. Toboa tundu kwa keekee ndogo ya mkono, dondosha gundi, ingiza sumaku kwa kibano. Lakini kibano ni cha chuma, na sumaku ikishaonja chuma, bega la plastiki la nini? Unaibandua kwa kijiti cha meno, unaikandamiza tunduni, inakaa. Unasogeza ya pili kidogo tu, kuhakikisha. Ya kwanza inaruka kutoka tunduni na gundi yake mbichi, inamkumbatia mwenzake, na sasa wameunganishwa na fizikia na kemia kwa pamoja. Kidole chako nacho kimo.

Halafu kuna suala la ncha. Wazoefu husema: zipange zote mnara mmoja, kila moja itie alama ya wino juu, begani alama itazame nje, mkononi ifukiwe ndani. Ushauri safi kabisa, kwa mtu ambaye vidole vyake havitoi jasho. Wino juu ya ganda la nikeli linalong'aa hauna maisha marefu. Gundi ikakauka, nikausogeza mkono kwenye bega, mkono ukarudi nyuma. Nikausogeza tena, ukajigeuza na kunipa kisogo. Kuing'oa sumaku hiyo nako si mchezo: ni ngumu, lakini ukiibana vibaya inapasuka vipande, na vipande navyo ni sumaku.

Nyumbani malalamiko yalianzia kwenye cherehani.

"Baba Salma, mkasi wangu una chunusi."

Nikaenda kuibandua. Mama Salma akataka kujua nyingine ziko wapi, nikamwambia zimo kwenye zulia, lakini natafuta. Kuitafuta sumaku kwa sumaku kunafanya kazi vizuri mno: nilipata sindano zake zote, pini za nywele, na skrubu ambayo hadi leo hatujui ilishikilia nini. Alichofoka nacho zaidi kilikuwa cha haki. Mtoto akimeza sumaku mbili, zinaweza kuvutana kupitia kuta za utumbo na kuutoboa, na hapo ni upasuaji. Kwa hiyo kopo sasa liko juu ya kabati, nami napandia kiti kwenda kufanya starehe yangu.

Jitu lilikamilika, mikono yote ikakubali. Nikalipeleka klabuni, mbele ya mzee mmoja wa Kiingereza mwenye sauti ya chini na jeshi lililopakwa rangi hadi kwenye kope. Nikachagua bunduki nzito kuliko zote, ikanata kwa mlio mtamu. Ila sumaku ya duara hushika tu, haizuii kitu kuzunguka. Tulipoanza kurusha dete, bunduki ikaanza kushuka, taratibu, ikapita usawa wa kiuno, ikatulia ikiulenga mguu wa mwenyewe. Nikainyanyua. Ikashuka tena.

Mzee akavua miwani, akauliza kwa upole kama jitu langu limesalimu amri.

Nikamwambia hapana, linakuamkia. Kwetu mkubwa ndiye huamkiwa kwanza.