Kilo, Pauni na Begi la Mgeni

Kilimanjaro ina kimo cha mita 5,895. Mmarekani akirudi kwao huwaambia jamaa zake kwamba amepanda futi 19,341. Mlima ni uleule na pumzi zilizomwishia ni zilezile, ila futi zina sifa zaidi. Aliyelipa dola zake ana haki ya kuisimulia safari kwa namba kubwa, na simulizi haimwelemei mtu. Kasheshe huanza pale namba inapotakiwa kubebwa.

Kazi yangu hapa Moshi ni kupima mizigo ya wageni jioni ya kuamkia safari. Kanuni za hifadhi zinataka mzigo wa mpagazi usizidi kilo 20, na getini mizani inamngoja. Ili abaki na nafasi, kampuni nyingi humwambia mgeni begi lake lisipite kilo 15. Maneno mepesi kabisa. Mjerumani huyaelewa na kuja na kilo 14.9. Mmarekani, ambaye kwao vitu hupimwa kwa pauni na wakia, wakia 16 kwa kila pauni, huyasoma kama mtihani.

Kampuni moja iliwahi kumwandikia mama mmoja mstaafu: "Mzigo usizidi 15." Basi, ikaishia hapo. Mama wa watu, mtiifu kuliko wote niliowapokea, akapunguza na kupunguza hadi akafika pauni 15, yaani kilo 6.8. Aliposhuka kwenye gari, wagumu, ndivyo wapagazi wanavyojiita, walinyanyua begi lake na nusura wapigane, kila mmoja akidai huyo ni mgeni wake tangu zamani. Nikalifungua. Soksi zilikuwemo, dawa ya mbu ilikuwemo, ila koti la baridi halikuwemo. Lilikuwa limezidisha pauni mbili, akaliacha sebuleni kwake. Usiku ule tulizunguka mji kumkodia koti, suruali na glavu.

Kampuni ikajirekebisha. Kwa wageni waliofuata iliandika "33", ikikusudia pauni, kwa kuwa pauni 33 ndizo kilo 15. Barua hiyo ikamfikia kijana kutoka Poland, ambako watu hawana habari na pauni. Akaja na kilo 33, kamili, anatabasamu. Mara hii hakuna mgumu aliyedai kumfahamu.

Usidhani mashine inatuokoa. Mizani ya kielektroniki ya kuning'iniza ina kitufe kidogo cha kubadili kilo kuwa pauni, nacho kimewekwa hasa pale kidole gumba kinapokaa. Jioni moja begi la bwana mmoja lilitundikwa, kioo kikasoma 31.4. Uwanja mzima ukaguna. Yule bwana akaanza kutoa vitu kimoja kimoja, kwa uchungu wa mtu anayegawa mirathi akiwa hai: kamera ya pili, kitabu kinene, korosho, mto wa kupuliza, nguo za ndani za akiba. Nyasi zikajaa kama soko la mitumba. Ndipo akatoka jikoni mpishi wetu, mzee wa Pemba aliyekulia kwenye karafuu. Alikuwa ameliona begi lile tangu asubuhi, tena aliliingiza ndani kwa mkono wake mwenyewe.

"Nyie vijana, mnamvulia nini mgeni? Mzigo ule haukufika hata frasila."

"Mzee, mizani imesema thelathini na moja!"

"Basi iulizeni thelathini na moja ya nini."

Tukaiuliza. Pembeni ya ile namba palikuwa na herufi mbili ndogo za pauni, kama sisimizi wawili. Begi lilikuwa na kilo 14.2, na frasila ya karafuu ni kama kilo 16. Mzee akarudi kwenye supu yake. Nguo za ndani zikakusanywa kwa heshima.

Wapo pia wataalamu wa wepesi, wanaojivunia kwamba mzigo wao wote, ukiacha chakula, maji na mafuta ya jiko, haufiki pauni 10. Mmoja alinionyesha mswaki alioukata mpini ili kuokoa theluthi ya wakia. Nikapiga hesabu: gramu 9 na ushei. Nikampa pongezi zake. Kisha nikamkumbusha kwamba mlimani atatakiwa kunywa lita 3 za maji kwa siku. Hapa ndipo kilo hujidai, maana lita moja ya maji ina kilo moja, kwa hiyo lita 3 ni kilo 3, umemaliza. Yeye alitoa simu, akapitia wakia za ujazo, ambazo si zile wakia za uzito, akatua kwenye pauni 6.6. Wakati anafika, mimi nilishakunywa yangu.

Na baridi nayo ina lugha mbili. Mfuko wa kulalia wa Kimarekani ulioandikwa 20 unasema nyuzi za Farenhaiti, kama nyuzi 7 chini ya sifuri kwa Selsiasi. Mgeni wa Ulaya aliukataa, akasema huo ni wa kulalia ufukweni.

Tunacheka, lakini nyani haoni kundule. Sisi tunaowacheka Wamarekani tunanunua misumari ya inchi nne, mbao za mbili kwa nne, bomba la nusu inchi na shamba la ekari tatu, kisha tunapima saruji kwa kilo. Na mchanganyiko huu hauishii kwenye soksi. Mwaka 1983, Kanada ikiwa katikati ya kuhamia vipimo vya metriki, Boeing 767 yenye abiria iliishiwa mafuta angani kwa kuwa hesabu ya kilo ilifanywa kwa kigezo cha pauni. Marubani waliielekeza ikielea hewani hadi uwanja wa ndege wa zamani wa Gimli, na wote waliokuwemo wakapona.

Kichekesho kikubwa ni kwamba ugomvi huu ulishaamuliwa. Tangu mwaka 1959, Marekani, Uingereza na wenzao wamekubaliana kwamba pauni ni kilo 0.45359237, bila kupungua wala kuzidi. Yaani anayepima kwa pauni anapima kwa kilo, ila amepitia njia ndefu.

Kwa hiyo, wenye kampuni, nawaomba: mkimwandikia mgeni namba, mwandikieni na kipimo chake. Andikeni "kilo 15, sawa na pauni 33", yote mawili, kwa herufi kubwa. Wino hauna uzito, na atakayebeba kosa lenu kichwani hata hiyo barua hakuiona.