Likizo ya Baba

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 humpa mume wiki 2 za likizo yenye malipo kamili mkewe akijifungua. Akijifungua kwa upasuaji, kupona huchukua wiki 6 hivi. Wiki zilizobaki bunge liliwaachia dada za mke.

Yuko baba mmoja hapa Maseno. Wodini aliambiwa mama asiinue kitu kizito kuliko mtoto. Naye baba hainui chochote, kwa mshikamano.

Kazi yake ni kupokea wageni. Wakishakaa, huita kuelekea jikoni kwa sauti ya huruma: “Mama watoto, usijisumbue, kaanga ngege wawili tu.”

Na mke akipasuliwa uvimbe wa kizazi badala ya kujifungua, sheria hiyo haimpi mume hata siku moja ya kumuuguza. Majirani wa baba huyo wanaona bunge lilimfahamu.