Namna ya Kushindwa Kesi ya Ubaguzi Kazini

Hongera, bosi. Umevuka bahari, umefungua kampuni ya usafi Minnesota, na sasa una wafanyakazi 15. Hapo ndipo Sheria ya Haki za Kiraia ya Marekani ya mwaka 1964 inapoanza kukubana. (Wakiwa 14 usishangilie: sheria ya Minnesota yenyewe inawalinda wapenzi wa jinsia moja kazini tangu 1993, nayo haijali udogo wa kampuni.)

Umenong'onezwa kwamba kijana wako wa zamu ya usiku anaishi na mwanamume mwenzake, na unataka aondoke. Fuata utaratibu huu na utashindwa kesi bila jasho.

Kwanza, taja sababu yako waziwazi. Mwalimu wetu hapa ni mmiliki wa kampuni ya mazishi huko Michigan. Mwaka 2013, Aimee Stephens, aliyemfanyia kazi karibu miaka sita akijulikana kama mwanamume, alimpa barua: nikirudi likizo nitakuja kama mwanamke, nikiwa na mavazi ya heshima ya kike. Baada ya wiki mbili hivi akafukuzwa. Mmiliki alipoulizwa kwa kiapo, hakuzunguka mbuyu: alimwondoa kwa kuwa hakuwa tayari tena kuonekana mwanamume. Wakili wa mlalamikaji angeomba nini zaidi? Na kukoleza mambo, kampuni hiyo iliwapa wanaume suti na tai, huku wanawake wakijinunulia zao.

Kama ukweli unakukera, jifiche nyuma ya maadili. Gerald Bostock alitumikia Clayton County, Georgia, kwa mwongo mzima, na chini yake kazi ya kaunti kwa watoto ikapata tuzo za kitaifa. Akajiunga na ligi ya softiboli ya wapenzi wa jinsia moja, na muda si mrefu ikagundulika kuwa mwenendo wake haumfai mtumishi wa kaunti. Bahati mbaya iliyoje!

Hukumu ya kesi zao usiisome kabisa. Tarehe 15 Juni 2020 Mahakama ya Juu iliamua, majaji sita kwa watatu, kwamba kumfukuza mtu kwa kuwa mpenzi wa jinsia moja au aliyebadili jinsia ni kumbagua kwa jinsia yake. Aliyeiandika ni Neil Gorsuch, mhafidhina aliyeteuliwa na Trump. Hoja yake ukiisoma unaweza kushawishika: wafanyakazi wawili, mwanamke na mwanamume, wote wanapenda wanaume, ukimfukuza mwanamume peke yake, kilichomponza ni nini kama si jinsia? Wala usingoje mlalamikaji afe. Stephens alifariki mwezi mmoja kabla ya hukumu, na kesi haikufa naye.

Hatua ninayoipenda zaidi ni kisasi. Kijana akikushtaki kwenye Tume ya Fursa Sawa za Ajira, kwa kawaida ana siku 300 za kufanya hivyo Minnesota, mpunguzie saa kesho yake. Hata malalamiko yake ya awali yakianguka, kisasi hicho kinasimama kama kosa lenyewe, na ushahidi umeshaubandika ukutani kwenye ratiba ya zamu.

Gharama? Kwa kampuni yenye watu 15 hadi 100, sheria ya shirikisho inaweka kikomo cha dola 50,000 kwa fidia ya machungu na adhabu. Mishahara aliyoikosa haimo humo. Ada za wakili wake hazimo. Za wakili wako ndiyo kabisa.